Injini ya Zamani au Mpya? Mwongozo Kamili wa Kupima Pikipiki Mbili za Safari Ndefu Kabla ya Kutoa Pesa

Malindi kosa hili linajirudia. Mtu anataka pikipiki ya safari: ya kwenda Mombasa na kurudi siku hiyohiyo, ya kumfikisha Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu, pengine ya kupanda nayo hadi Voi na Nairobi. Amepata mbili kwa bei zinazokaribiana. Moja ni ya zamani, ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila umeme), inapozwa kwa hewa. Ya pili ni mpya zaidi, ya injeksheni (petroli inanyunyizwa kwa amri ya kompyuta), na pengine ina rejeta ya kupoza injini kwa maji. Anazipiga stata, anazunguka nazo kutoka sokoni hadi Maweni, anarudi, analipa. Baada ya muda pikipiki iko kwa fundi, au imeegeshwa ukutani kwa sababu mikono inamfa ganzi kila akipita Gede.

Mzunguko wa mjini hauonyeshi kitu. Injini ya safari inajulikana ikiwa moto, imebeba mzigo, na imekwenda kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinakutoa mjini. Ukizifuata kwa pikipiki zote mbili, kwa mpangilio uleule, utaacha kuuliza ipi ya zamani na ipi mpya, na utajua ipi inafaa kwa njia yako.

Tenga siku moja kwa kila pikipiki. Muuzaji asiyekubali kipimo cha barabarani hata ukimwachia amana, achana naye.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kipimo cha kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, chenye vichwa vya plagi za saizi tofauti. Ukikosa, fundi mwenye nacho aje nawe. Mlipe kazi yake.
- Mita ya umeme ya kupima volti.
- Spana ya plagi, bisibisi, tochi, na kitambaa cheupe cha pamba.
- Chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu au nyeupe.
- Mzigo wa kweli: mkoba wenye uzito utakaobeba, au abiria wako wa kawaida.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa, kwa sababu utachanganya pikipiki mbili.
- Vipimo vya kiwandani vya kila injini: ukubwa, kompresheni, aina ya oili, nafasi ya tapeti (uwazi unaoachwa kwenye vali).
- Kofia ngumu, glavu, koti na viatu vilivyofunika kifundo cha mguu.

## Hatua ya 1: Andika njia yako kabla ya kuangalia injini

Chukua ukurasa mmoja, uandike safari unazozifanya kweli.

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, lami tupu, na joto kali la injini liko mwishoni: foleni ya Mtwapa na ya kuingia Nyali. Malindi hadi Mokowe kupitia Garsen na Witu ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ni barabara iliyonyooka, nyumba chache, fundi mmojammoja. Huko safiri mchana, na uulize polisi hali ya barabara kabla ya kutoka. Kupanda Nairobi ni jambo jingine: unatoka usawa wa bahari unafika karibu mita 1,700.

Kwa nini uanze hapa? Kwa sababu kila njia ina udhaifu wake wa injini. Foleni inaiadhibu injini ya kupozwa kwa hewa, maana bila mwendo hakuna upepo. Barabara ndefu isiyo na mafundi inaiadhibu injini ambayo kosa lake halionekani bila mashine ya kusomea kompyuta. Mwinuko unaiadhibu kabureta: kila mita 300 unazopanda, injini yoyote hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi, lakini ya kabureta huendelea kumwaga mafuta yaleyale, kwa hiyo inakuwa nzito, inakula zaidi na plagi inaota masizi. Injeksheni hupunguza mafuta yenyewe.

Umefaulu ikiwa: una njia moja kuu umeipigia mstari. Pikipiki utakayochagua ni ya njia hiyo. Safari ya mara moja kwa mwaka isikuamulie.

## Hatua ya 2: Soma namba, lakini uzisome vizuri

Watu wengi huangalia nguvu farasi peke yake. Kwa safari, angalia namba mbili pamoja: nguvu ya kuvuta, inayoandikwa kwa Nm, na mizunguko ya injini ambapo nguvu hiyo inapatikana.

Chukua mfano wa Royal Enfield za 350, kwa sababu zamani na mpya zake zinafanana kwa macho. Injini ya zamani, inayoitwa UCE, ina ukubwa wa 346 cc, inatoa kama nguvu farasi 19.8 na Nm 28 kwenye mizunguko 4,000. Injini mpya iliyoingia mwaka 2020 na Meteor ina 349 cc, nguvu farasi 20.2 na Nm 27 kwenye mizunguko 4,000. Ukisoma karatasi utasema ni injini moja. Ukizipanda hadi Kilifi utajua si moja. Ile mpya ina shafti ya kusawazisha mtetemo, na vali zake zinaendeshwa na kamshafti iliyoko juu kwenye kichwa. Ile ya zamani inatumia vijiti vya kusukuma vali na haina shafti hiyo. Kwa hiyo nguvu zinakaribia kuwa sawa, na bado mwili wako utachoka tofauti.

Mfano wa pili unakwenda kinyume. Himalayan, pikipiki nyingine ya Royal Enfield, ya 411 cc inatoa kama nguvu farasi 24 na Nm 32 kwenye mizunguko ya chini, kati ya 4,000 na 4,500. Himalayan mpya ya 452 cc, inayopozwa kwa maji, inatoa karibu nguvu farasi 40 na Nm 40, lakini Nm hizo ziko kwenye 5,500 na nguvu kamili iko kwenye 8,000. Hii mpya ni bora sana kwa lami na kwa kupita malori. Ile ya zamani ni tulivu zaidi ukiwa na mzigo kwenye mchanga, mwendo wa gia ya pili, usipotaka kuikamua.

Hali ni hiyohiyo kwenye pikipiki kubwa. BMW R80 G/S ya mwaka 1980 ilikuwa na nguvu farasi 50. R1200GS ya maji ya mwaka 2013 ilifika 125. Hizo ni nguvu za kazi mbili tofauti, na barabara ya Garsen haikuombi 125.

Onyo: usichukulie kwamba ya zamani ni rahisi kutunza kila mahali. Ile UCE ya zamani ina tapeti zinazojirekebisha kwa oili, hazihitaji kupimwa. Ile mpya ndiyo ya kupimwa na kurekebishwa. Soma injini yako, usisome umri wake.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema, kwa kila pikipiki, nguvu ya kuvuta inapatikana kwenye mizunguko mingapi.

## Hatua ya 3: Karatasi

Hapa haraka. Namba ya injini na namba ya chesisi zifanane na logbook, na jina kwenye logbook liwe la anayekuuzia. Zisome kwenye chuma chenyewe kwa tochi. Namba iliyosuguliwa au kugongwa upya ni mwisho wa mazungumzo. Umiliki uhamishwe kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla pesa yote haijatoka mkononi.

## Hatua ya 4: Ikute injini imepoa

Mpigie muuzaji simu mapema. Mwambie: "Kaka, naomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, weka mkono juu ya kichwa cha silinda. Ikiwa ni ya moto, ameipasha, na injini iliyopashwa huficha uvivu wa kuwaka. Akikwambia, "Chombo hakina neno hiki, ndugu yangu, nilikuwa naleta maji tu," kaa kivulini ungoje mpaka ipoe kabisa.

Sasa washa.

Ya kabureta: vuta choki, piga kiki au stata. Kwa joto la Malindi inapaswa kuwaka upesi na kukubali choki irudishwe baada ya muda mfupi. Ikikataa kutulia bila choki, kabureta ni chafu au inavuta hewa pembeni, mara nyingi kwenye mpira unaoiunganisha na injini. Mpira huo hupasuka kwa jua na umri.

Ya injeksheni: fungua ufunguo, usikilize. Utasikia pampu ya mafuta ikivuma kidogo kisha inanyamaza. Taa ya injini iwake na kisha izime, kwenye pikipiki nyingine mara injini inapowaka. Taa isiyowaka kabisa unapofungua ufunguo inatisha kuliko inayobaki imewaka: huenda mtu ameifunga ili usione kosa.

Moshi una maana. Wa buluu unaotoka unapowasha kisha unaisha ni sili za vali. Wa buluu unaoendelea ukivuta mafuta ni ringi za pistoni. Mweusi ni mafuta mengi. Mweupe usioisha, kwenye injini ya maji, ni kulanti, maji ya kupozea, inayoingia ndani ya silinda.

Umefaulu ikiwa: injini inatulia yenyewe bila wewe kuishikia mafuta.

## Hatua ya 5: Oili na kompresheni

Chomoa kijiti cha oili au angalia kioo chake, kisha futa kwenye kitambaa cheupe. Oili nyeusi ni ya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Kwenye injini ya rejeta hiyo ni gasketi ya kichwa au sili ya pampu ya maji, na usinunue. Kwenye injini ya hewa inaweza kuwa unyevu tu wa safari fupifupi za mjini, ila iandike.

Geuza kitambaa juani. Vumbi linalometa ni chuma. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, ondoka.

Kompresheni pima injini ikiwa moto. Toa plagi, funga kipimo, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, kisha zungusha kwa stata au kiki mpaka sindano iache kupanda. Linganisha na kipimo cha kiwandani cha injini hiyohiyo. Usilinganishe injini mbili tofauti kwa namba moja: UCE ya 350 imebanwa kwa uwiano wa 8.5 kwa 1, mpya ya 350 ni 9.5, na Himalayan ya maji ni kama 11.5.

Ikisoma chini, mimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, vali hazifungi. Kwa injini ya silinda mbili, tofauti kati yake isizidi kama asilimia 10 hadi 15.

Maonyo mawili. Kwanza, kwenye injini ya injeksheni toa fyuzi ya pampu ya mafuta kabla ya kuzungusha, na usiache koili ya plagi ikining'inia inapiga cheche hewani. Cheche isiyo na njia ya kurudi inaweza kuunguza kompyuta. Pili, injini nyingi mpya zina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, kwa hiyo kipimo kitasoma chini bila ugonjwa wowote. Hapo usihukumu kwa namba. Tegemea moshi, oili, na kipimo cha barabarani.

Umefaulu ikiwa: kompresheni iko ndani ya kiwango cha kitabu, na umeshaandika namba yenyewe.

## Hatua ya 6: Umeme na chumvi

Hatua hii ndiyo watu wa Pwani hawairuki bila kujuta. Pikipiki iliyokaa Nairobi na iliyokaa hatua chache kutoka ufukweni si pikipiki moja, hata kama zimetoka kiwandani siku moja. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu unaingia kwenye kila kiungo cha waya.

Kwenye injini ya zamani, madhara hayo unayaona: boliti zimeota kutu, ekzosti imetoboka, mapezi ya silinda yana unga mweupe. Unayafuta, unabadilisha, unaendelea. Kwenye injini mpya, chumvi inakwenda mahali usipopaona, ndani ya soketi za sensa. Kompyuta inategemea vipimo vidogo sana vya umeme kutoka kwenye sensa ya joto, ya hewa, ya mkono wa mafuta. Pini ikiota ukijani, kipimo kinapotoka, na kompyuta inamwaga mafuta kulingana na uongo huo. Pikipiki inakohoa, inazima ikipata moto, kisha ikipoa inawaka kana kwamba haikuwa na neno.

Kwa hiyo, mwombe muuzaji ruhusa, uinue kiti, ufungue soketi mbili au tatu unazozifikia bila nguvu. Mulika ndani. Pini ziwe za kung'aa, rangi ya shaba au fedha. Ukijani au unga mweupe kwenye soketi moja unasafishika. Ukiukuta kwenye kila soketi unayofungua, utabadilisha waya wote, na gharama hiyo iondoe kwenye bei au iache pikipiki.

Angalia pia waya zilizounganishwa kwa kusokota na tepu. Kwenye pikipiki ya zamani ni kasoro ya kurekebisha. Kwenye ya injeksheni ni dalili kwamba mtu aliwinda kosa akashindwa kulipata.

Kisha pima chaji. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima isome karibu volti 12.6. Injini ikiwaka na ukiivuta kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, koili ya chaji au regyuleta imekufa. Ikipita 15, regyuleta imeacha kuzuia umeme, na kwenye pikipiki mpya umeme huo unakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Sababu ya kukazania chaji ni hii: pikipiki nyingi ndogo za zamani zenye kiki huweza kuwaka na kwenda hata betri ikiwa imelala. Ya injeksheni bila volti za kutosha haisogei. Pampu haisukumi, injekta haifunguki. Ukiwa kati ya Minjila na Witu, tofauti hiyo ndiyo safari yenyewe.

Umefaulu ikiwa: soketi ni safi, chaji iko kwenye kiwango, na hakuna waya uliosokotwa kwenye njia ya injini.

## Hatua ya 7: Piga alama boliti

Kabla ya kutoka, chukua ile rangi ya kucha. Piga mstari mwembamba unaoanzia juu ya boliti na kushuka hadi kwenye chuma kilichoishikilia. Fanya hivyo kwenye boliti zinazofunga injini kwenye fremu, za ekzosti, za kishikio cha namba na za vioo. Acha ikauke.

Mtetemo hulegeza boliti pole pole, na macho hayaoni. Ukirudi na mstari umevunjika, boliti imezunguka. Nakuambia hivi kwa sababu wengi hupima mtetemo kwa hisia, na ukiwa na furaha ya chombo kipya hisia hudanganya. Mstari wa rangi hauna furaha wala huzuni.

## Hatua ya 8: Barabara ya Kilifi

Sasa jaza tangi mpaka shingoni kwenye kituo kimoja, pikipiki ikiwa imesimama wima. Andika kilomita. Funga mzigo. Toka Malindi kuelekea Kilifi, ambako ni kama kilomita 60, kisha urudi njia hiyohiyo. Anza asubuhi kwa pikipiki zote mbili, saa ileile, ili jua na magari yawe sawa.

Kwa nini Kilifi? Kwa sababu kipande cha pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kinakuruhusu kushika mwendo mmoja, halafu matuta ya Gede na Matsangoni yanakulazimisha kushuka na kupanda gia. Unapata safari mbili ndani ya moja.

Kwenye kipande kilichonyooka, shika kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya juu na usiguse chochote kwa dakika kumi. Kisha, kama barabara ni tupu na salama, panda 90 ushike tena. Angalia mambo haya:

Vioo. Unaweza kutambua gari lililo nyuma yako, au unaona ukungu tu? Injini kubwa ya silinda moja bila shafti ya kusawazisha huwa na mwendo wake mzuri. Chini ya hapo ni tulivu, juu yake inatetema. Kazi yako ni kuujua mwendo huo. Ikiwa injini ya zamani imetulia kwenye 75 na wewe ni mtu wa kwenda 75, haina kasoro kwako.

Mikono na miguu. Ukisimama Kilifi, fungua na kufumba vidole. Ganzi inayoisha mara moja ni ya kawaida. Ikiendelea unapokunywa maji, injini hiyo haitakufikisha Mokowe ukiwa na breki mkononi. Huu ni usalama. Usiuchukulie kama anasa.

Akiba ya nguvu. Ukiwa 80 gia ya juu, fungua mafuta bila kushusha gia. Je, inapanda, au inanguruma mahali pamoja? Kupita lori kunahitaji akiba hiyo. Hapa injini mpya zenye vali nne hushinda mara nyingi, na ni haki kukiri hivyo.

Mlio. Kugonga kama misumari ndani ya kopo unapofungua mafuta kwenye gia kubwa ni mafuta kulipuka mapema. Kwenye injini iliyobanwa sana, dalili hiyo na petroli mbaya huua pistoni. Injini ya zamani yenye uwiano mdogo huvumilia zaidi petroli ya mashakani, na kwa njia za mbali hiyo ni sifa kubwa.

Kipimo cha kuwasha tena. Ukifika Kilifi, zima. Ngoja kama dakika kumi, usiipeleke kivulini. Kisha washa. Hapa ndipo injini nyingi zinaumbuka. Ikikataa ikiwa moto na kukubali ikipoa, tuhumu koili au sensa inayochoka kwa joto, au tapeti zilizobana. Usikubali maneno ya "ni kawaida yake."

Kipimo cha foleni. Ikishawaka, iache inguruma ikiwa imesimama juani kwa dakika tano hivi. Injini ya rejeta: feni inapaswa kuanza yenyewe, kwa kawaida joto likikaribia nyuzi 100, kisha izime na kurudia. Feni isiyoanza ni hatari; zima mara moja. Injini ya hewa: sikiliza kama mlio wake unabadilika, kama klachi inaanza kuburuta, kama gia ya neutro inakataa kuingia. Ikifanya hivyo, foleni ya Mtwapa ya mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea, itaichosha kila mara.

Umefaulu ikiwa: umerudi Malindi injini ikilia kama ilivyotoka, inawaka ikiwa moto, na mistari ya rangi haijavunjika.

## Hatua ya 9: Pima mafuta kwa haki

Rudi kituo kilekile, pampu ileile, ujaze mpaka shingoni. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kwa mfano wa hesabu: kilomita 120 kwa lita 3.6 ni kilomita 33 kwa lita. Zidisha na ukubwa wa tangi, kisha utoe robo. Kinachobaki ndicho utembee nacho kichwani.

Ndiyo maana ni lazima uende na kurudi. Msimu wa kusi, ukielekea Kilifi upepo uko usoni, ukirudi uko mgongoni. Anayepima upande mmoja anapima upepo.

Kwa mwendo uleule, injeksheni kwa kawaida hutumia kidogo kuliko kabureta, na tofauti huonekana zaidi kwenye matuta na foleni kuliko kwenye lami iliyonyooka. Usikubali tofauti hiyo pekee ikuamulie. Piga hesabu ya shilingi utakazookoa kwa mwezi, ulinganishe na tofauti ya bei ya pikipiki.

Onyo la tangi: mulika ndani ya tangi. Kutu kwenye pikipiki ya kabureta itaziba jeti, vitundu vya kupitisha petroli, nawe utafungua boliti ya chini ya bakuli la kabureta, umwage maji na uchafu, uendelee. Kutu kwenye ya injeksheni inaua pampu iliyozama humohumo, na pampu haifunguliwi kando ya barabara. Petroli pia ndiyo inayoipoza pampu hiyo, kwa hiyo usijizoeze kuendesha na tangi karibu tupu.

## Hatua ya 10: Nenda kwa fundi kabla hujawa mteja

Chukua majina ya spea saba: plagi, kebo ya klachi, sahani za klachi, filta ya oili, koili ya chaji, regyuleta, na ama seti ya kabureta au pampu ya mafuta. Zunguka maduka ya spea ya Malindi uulize kila moja: ipo, au inaagizwa? Bei gani? Siku ngapi? Halafu uliza hivyohivyo Mombasa.

Kisha mtafute fundi ambaye ameshafungua injini ya aina hiyo. Muulize kwa heshima: "Mzee, hii ukiifungua, tatizo lake kubwa ni lipi?" Fundi anayeijua atakutajia kitu kimoja au viwili bila kufikiri. Asiyeijua atakwambia zote ni sawa. Kwa ya injeksheni, uliza nani ana mashine ya kusoma makosa ya kompyuta, na kama inaingia kwenye soketi ya pikipiki hiyo. Baadhi ya pikipiki huonyesha kosa kwa taa ya injini kumwekamweka. Jua kama yako ni mojawapo na ujifunze kuhesabu mimweko hiyo.

Umefaulu ikiwa: spea tano kati ya saba ziko Malindi au zinafika kwa basi kutoka Mombasa ndani ya siku mbili.

## Hatua ya 11: Amua

Weka kurasa mbili za daftari pembeni, usome kwa mpangilio huu: moto, mtetemo, umeme, spea, mafuta. Mpangilio huo ni wangu na nautetea. Injini inayokataa kuwaka ikiwa moto haisaidiwi na unywaji mzuri wa mafuta.

Kama njia yako kuu ni Malindi na Mombasa, na pikipiki ya injeksheni imepita hatua ya 6 bila ukijani kwenye soketi, chukua mpya. Foleni, lami na wingi wa mafundi wa Mombasa vyote viko upande wake. Kama unapanda Nairobi mara kwa mara, ni vivyo hivyo, na mwinuko unaongeza sababu.

Kama njia yako ni Garsen, Witu na Mokowe, au ndani ya Marafa na Magarini kwenye udongo, na ya zamani imepita hatua ya 5 na ya 8, chukua ya zamani. Utakwenda polepole zaidi, na kosa lake utalirekebisha kwa spana ulizobeba. Kumbuka pia kwamba pikipiki yako itaachwa Mokowe karibu na gati wakati wewe umevuka kwenda Lamu, na hewa ya pale ni chumvi tupu.

Kama zote mbili zimeshindwa hatua ya 5 au ya 8, usinunue yoyote, hata bei ikishuka.

## Hatua ya 12: Wiki ya kwanza

Ukishalipa, mwaga oili siku hiyohiyo. Weka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha oili kinachofaa klachi ya pikipiki), kwa unene ulioandikwa kitabuni. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ya injini, itaanza kuteleza.

Badilisha plagi na filta ya hewa. Ya kabureta, fungua bakuli uisafishe na ubadilishe mpira uliopasuka. Ya injeksheni, fungua soketi moja baada ya nyingine, zikaushe, zisafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, upake grisi maalumu ya umeme, ufunge. Grisi ya kawaida ya bearingi usiitumie humo.

Baada ya kila safari ya ufukweni au ya Mokowe, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa ndoo na kitambaa. Mashine ya shinikizo inasukuma maji ndani ya soketi. Subiri injini ipoe kabla ya kumwaga maji, hasa ya hewa, kisha iwashe dakika chache ikauke kabla ya kuifunika.

Piga upya mistari ya rangi kwenye boliti zilezile, na uziangalie kila unapojaza mafuta.